Soma tabianchi ya pwani kwa kufuata maji yanakotoka

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na nikisikia mwanafunzi anakariri "mkondo wa joto mvua, mkondo wa baridi jangwa", namwambia afunge daftari afungue atlasi.

Weka kidole kwenye mkondo, yaani maji ya bahari yanayotiririka kama mto kuelekea upande mmoja, kisha kirudishe nyuma hadi unakotoka. Maji yanayotoka upande wa Ikweta huja na joto. Yanayotoka upande wa ncha ya dunia huja na baridi. Chukua Afrika Kusini. Durban na Port Nolloth zote ziko kati ya digrii 29 na 30 kusini. Durban hupitiwa na maji ya joto yanayoshuka kutoka kaskazini, nayo hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Port Nolloth, upande wa pili wa nchi, inatazama mkondo baridi wa Benguela, na mvua yake haifiki milimita 100.

Hapo usiharakishe. Pulizia kioo cha baridi pumzi yako, mdomo wazi. Kitashika ukungu, lakini hakuna tone litakaloanguka. Hewa iliyopozwa na maji baridi chini yake huwa nzito, haipandi. Na isipopanda, mvuke wake haufiki kule juu yanakojengeka mawingu ya mvua. Ndiyo sababu pwani ya Namib, nchini Namibia, huamka imefunikwa na ukungu mzito na bado ni jangwa. Nikiwaonyesha wanafunzi kile kioo, hawasahau tena.

Sasa uliza upepo unavuma kutoka wapi. Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka miaka yangu ya mwanzo. Mkondo wa Ghuba, wenye joto, hupita mashariki mwa Marekani, lakini New York huanguka theluji kila mwaka. Porto ya Ureno, karibu latitudo ileile, huiona kwa nadra sana. Upepo wa latitudo hizo aghalabu hutoka magharibi: New York huletewa hewa ya bara, Porto hewa ya bahari. Upepo huohuo, pamoja na maji ya joto, ndio unaoifanya bandari ya Tromsø, Norwei, isigande ingawa iko digrii 69 kaskazini.

Kabla hujaandika jibu, angalia na mwaka. Mishale ya atlasi ni wastani tu. Wakati wa El Niño ya 1997–98 maji ya joto yalisogea hadi pwani ya Peru, ambayo kwa kawaida ni kavu, na kaskazini mwake mvua ikaleta mafuriko.