Taka za zahanati: namna ya kutenga, kutunza na kuteketeza bila kumuumiza mtu wa usafi

Watu wengi ukiwaambia taka za hospitali wanawaza tanuri, wanawaza bomba refu na moshi nyuma ya jengo. Zahanati isiyo na tanuri inasema haina uwezo, ikipata tanuri inaona kazi imekwisha. Sio kweli jamani. Kazi yote iko pale mkono unapoachia kitu, yani ile sekunde nesi kamaliza kuchoma sindano na anatafuta pa kuiweka, baada ya hapo wote wanaofuata wanabeba tu walichotupiwa, na anaebeba zaidi ni mama wa usafi ambae hata hakuwepo chumbani. Nayaandika haya kwa ajili ya vituo vidogo vya huku kwetu Tanga, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, vituo vya mjini na maabara za mtaani, ila hata mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani asome mpaka mwisho maana na yeye yumo.

Anza na kutenga

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 85 ya taka za kituo cha afya ni taka za kawaida kama za nyumbani, maboksi, karatasi, chupa za maji, maganda ya machungwa ya wagonjwa na ndugu zao. Asilimia 15 tu ndo zina hatari. Sasa chukua gozi moja (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) yenye damu uitupe kwenye ndoo ya karatasi, ndoo nzima imeshakuwa ya kuambukiza, huwezi tena kuichambua na wala mtu asijaribu kuichambua kwa mkono. Ukifanya hivyo kila siku ile 15 inageuka 100, kuni zinaisha, shimo linajaa, halafu mnalalamika bajeti ndogo.

Rangi zetu hapa Tanzania ni hizi. Nyeusi au bluu kwa taka za kawaida. Njano kwa taka za kuambukiza, glavu zilizotumika, pamba, gozi, bendeji, pedi za wodi ya wazazi. Nyekundu kwa zile kali zaidi, vitu vilivyolowa damu au majimaji ya mwili, vipande vya mwili, na vitu vya maabara vilivyooteshewa vimelea. Vyenye ncha kali vina boksi lake, sefti boksi. Dawa na kemikali zinakaa pembeni kabisa, haziingii ndoo yoyote kati ya hizo.

Mifuko ya njano ikiisha stoo (na itaisha tu) usianze kutia mifuko myeusi kila mahali ukasema tutajuana wenyewe, bandika karatasi kwenye ndoo na kwenye mfuko, andika kwa maka kubwa TAKA ZA KUAMBUKIZA, na mwambie mtu wa usafi kwa mdomo. Picha ukutani juu ya ndoo inasaidia kuliko maneno, chora glavu, chora gozi, kwa sababu anaetupa hana muda wa kusoma na anaebeba pengine hakufika mbali shuleni.

Vitu vinavyochanganya watu ni vichache. Chupa ya dripu tupu isiyo na damu ni taka ya kawaida, ila ule mpira wake ukiwa na damu unakwenda njano na sindano yake inakwenda kwenye sefti boksi. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kinagawanyika mara tatu: ganda la karatasi kwenye nyeusi, kile kiplastiki chenye tone la damu kwenye njano, kidude cha kutobolea kwenye sefti boksi. Watu wanavifungia vyote ndani ya glavu moja na kutupa kifundo kimoja, wanaona ni usafi, kumbe wamemtegea mwenzao mtego.

Ndoo ziwe palepale kazi inapofanyika, zenye mfuniko wa kukanyaga kwa mguu. Ukimwekea nesi ndoo ya njano kwenye kona ya korido atatupa kwenye nyeusi iliyo karibu, na hata ukimpa semina ya wiki nzima atatupa kwenye iliyo karibu.

Sindano

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanaumia. Ukishachoma, sindano na sirinji yake zinaingia zote pamoja kwenye sefti boksi, hapohapo. Hurudishii kifuniko, huipindi, huichomoi kwa vidole, huiweki kwenye trei "nitatupa baadae". Kurudishia kifuniko ndo ugonjwa wetu wa zamani, mikono imezoea, na vidole vingi vimetobolewa hapo.

Boksi likae mezani au litundikwe ukutani usawa wa kiuno, umbali wa mkono wa anaechoma, sio chini sakafuni kwenye kliniki ya watoto ambako kila mtoto anatambaa na kutia mkono kila tundu. Likifika robo tatu funga, tia tepu, andika tarehe na chumba. Usilishindilie. Usilimwage ili ulitumie tena, hata kama maboksi yamebaki mawili stoo. Maboksi yakikosekana kabisa tumia dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, lile la sabuni ya maji au la mafuta ya kula, toboa kwa juu tundu la kupitisha sirinji na uliandike. Chupa ya maji ya kunywa haifai, sindano inapenya.

Mtu akichomwa: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usinyonye, usimwagie Jik wala spiriti. Mwambie mkuu wa zamu papo hapo, andikeni kwenye kitabu, aende akapimwe na apewe dawa kinga ya VVU haraka iwezekanavyo, saa za mwanzo ndo bora na zikipita saa 72 dawa hazina tena nafasi. Zinamezwa siku 28. Watu wanaogopa VVU tu lakini hesabu ni hii: sindano iliyotoka kwa mtu mwenye virusi inaambukiza homa ya ini B kwa karibu watu 30 kati ya 100 wasio na kinga, homa ya ini C karibu 2 kati ya 100, VVU 3 kati ya 1000. Na hiyo B ndo yenye chanjo, dozi tatu, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kila anaeshika taka achanjwe, na ninaposema kila mtu simaanishi madaktari peke yao, namaanisha mama wa usafi na kijana wa tanuri, hata kama ni wa mkataba wa kampuni.

Damu ikimwagika

Vaa glavu nene, funika damu na kitambaa kinyonye, mwagia maji ya klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, kusanya, tupa kwenye nyekundu, kisha piga deki kwa maji na sabuni. Kupata 0.5 kwa Jik ya asilimia 3.5 ni kikombe 1 cha Jik na vikombe 6 vya maji. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70 ni gramu 7 kwa lita 1. Soma lebo kwanza maana nguvu hazifanani, changanya upya kila siku kwa sababu ya jana imeshachoka, na usichanganye Jik na dawa nyingine yoyote ya chooni, hewa inayotoka hapo inakaba kifua.

Kubeba na kuhifadhi

Mfuko unafungwa ukifika robo tatu, unashikwa shingoni, unabebwa mbali na mguu. Haukumbatiwi, haubebwi kichwani. Kuwe na toroli la taka ambalo halibebi kitu kingine, sio asubuhi linabeba taka mchana linabeba uji wa wagonjwa. Kwenda kituo kingine chenye tanuri msipakie kwenye bodaboda wala bajaji, ombeni gari la halmashauri, taka ziwe ndani ya chombo kigumu kinachofungika na karatasi inayosema zimetoka wapi.

Anaebeba avae gambuti, glavu nene za kazi (zile nyembamba za kumpimia mgonjwa hazizuii sindano), aproni, barakoa, na miwani akiwa kwenye tanuri. Kandambili mwiko.

Chumba cha kuhifadhia kiwe na paa, sakafu ya kuosheka, kufuli, na wavu madirishani. Wavu ni kwa ajili ya kunguru. Mgeni atashangaa lakini mtu wa Tanga anaelewa, hawa kunguru wetu wanafungua mfuko vizuri kuliko binadamu na gozi yenye damu utaikuta juu ya paa la jirani. Muda wa kukaa taka za kuambukiza kwa joto letu ni saa 24, kipindi cha baridi saa 48. Sisi tunasema waja leo waondoka leo, basi mgeni wa kuambiwa hivyo ni huyu.

Kuteketeza

Tanuri la matofali la vyumba viwili, lile wanaloliita De Montfort, lina kazi yake kama likiendeshwa inavyotakiwa. Liwashe kwanza kwa kuni kavu au vifuu vya nazi mpaka lishike moto hasa, ndo uanze kutia taka kidogokidogo, kavu na mbichi zikichanganyika. Chumba cha pili kinatakiwa kifike angalau nyuzi 850. Ukiona moshi mweusi mzito ujue joto halijafika au umejaza mno, acha kutia. Kuchoma kwenye pipa au shimo la wazi hakufikii joto hilo, kunababua tu plastiki na sindano zinabaki vilevile.

Visivyoingia: vichupa vya dawa vya vioo (vinapasuka au vinayeyuka na kuziba wavu wa chini), makopo ya kupuliza yenye gesi, betri, vipima joto vya zebaki, dawa zilizoisha muda, na plastiki za PVC kama mifuko ya damu na baadhi ya mipira ya dripu, maana zikiungua kwa joto dogo zinatoa sumu ya dioksini. Majivu nayo yana sindano ndani, hazijayeyuka, kwa hiyo yaache yapoe, yatolewe kwa koleo na kupelekwa shimo la majivu lililojengewa na kufunikwa. Usiyatupe bustanini.

Sasa upepo. Mafundi wanaangalia pepo za siku wanayojenga, na huku pwani upepo unageuka mara mbili kwa mwaka. Ukijenga wakati wa kusi moshi unakwenda vizuri shambani, unasifiwa, ikifika Desemba kaskazi inaanza na moshi wote unaingia wodi ya wazazi. Kabla ya kuchimba msingi waulize wavuvi wa jirani upepo unatoka wapi kila msimu, watakuambia bila chombo chochote, halafu tafuta upande ambao pepo zote mbili hazipeleki moshi wodini, jikoni wala kwenye nyumba za watu.

Kituo chenye umeme wa uhakika kikipata mashine ya mvuke naona ni bora kuliko tanuri. Nyuzi 121 kwa dakika 30 au zaidi, mifuko isijazwe wala kukazwa ili mvuke upenye, na tumia ile tepu inayobadilika rangi kila mzunguko. Taka zikitoka hapo zinatupwa na za kawaida, isipokuwa zenye ncha. Dawa, kemikali na kondo la nyuma haviingii humo.

Kondo la nyuma lina shimo lake, limejengewa, lina mfuniko wa zege wenye kufuli na bomba la hewa. Usitie klorini humo, inaua wadudu wanaoozesha na shimo linajaa haraka. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini, na mita 50 kutoka kisimani. Pwani hapa ndo pagumu, kuna maeneo unachimba kidogo tu unakutana na maji, kwa hiyo pima wakati wa masika maji yakiwa juu, sio Februari ukajidanganya. Kama maji yapo karibu inua kuta juu ya ardhi kwa zege badala ya kwenda chini. Na familia ikitaka zalio lao wakalizike nyumbani, kama ni mila yao, fungeni kwenye chombo kisichovuja na muwaeleze wachimbe kwenda chini, mbwa asifukue.

Dawa zilizoisha muda ziorodheshe, zifungie kabati lake, toa taarifa kwa mfamasia wa wilaya, na kuteketezwa kunasimamiwa na TMDA, yani mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Chooni hapana, baharini hapana.

Kwa mwenye mgonjwa nyumbani

Sindano za insulini na vitobolea kidole tia kwenye dumu gumu kama nilivyoeleza juu, lifungike, likae mbali na watoto. Usiziweke kwenye rambo la taka, kuna vijana dampo wanaishi kwa kuokota chupa na wanachambua kwa mikono mitupu. Pamba na bendeji zifunge kwenye mifuko miwili. Dumu likifika robo tatu lipeleke kituo unachohudhuria, ila uliza kabla kama wanapokea na siku gani, uambatanishe na tarehe yako ya kliniki ya sukari usije ukalipa nauli mara mbili.