Mambo ya kuzingatia kabla hujaenda Potosí, mji wa fedha wa Bolivia

Kabla ya yote fikiria mapafu. Potosí iko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, yani kwa waliopanda Kilimanjaro hapo ni juu kuliko Horombo, na watu wanaishi, wanasoma na kucheza mpira hukohuko. Usitoke pwani ukatua moja kwa moja. Kaa kwanza Sucre siku kadhaa, iko kama mita 2,800 na kwa basi ni masaa matatu hivi, mwili uzoee. Ukifika Potosí tembea taratibu, kunywa maji, pombe iache, na kichwa kikiuma sana huku unatapika usijikaze kishujaa, shuka chini. Kuhusu dawa za mwinuko ongea na daktari kabla ya safari, na kadi ya homa ya manjano ibebe.

Nguo nzito ni lazima, hasa Juni mpaka Agosti, usiku baridi inashuka chini ya sifuri.

Sasa mgodi wenyewe, maana wengi ndo wanafata huo. Cerro Rico, mlima wa madini ya fedha hapo mjini, imechimbwa tangu 1545, Wahispania wakawalazimisha wenyeji kuingia humo kwa zamu za kazi ya lazima zilizoitwa "mita", na leo bado inachimbwa, ndo maana nakwambia hii sio makumbusho. Bei ya madini ya bati (tin), nayo yanatoka humo, ilipoanguka 1985 serikali iliachisha kazi maelfu ya wachimbaji, wengi wakarudi ndani kupitia vyama vya ushirika, maisha yao ukiyaona utawakumbuka wanaapolo, wachimbaji wadogo wa Mererani. Ndani kuna vumbi la silika, gesi, sehemu za kutambaa kwa magoti, joto kali ghafla halafu baridi tena. Mwenye pumu, moyo, mjamzito au anayeogopa sehemu finyu asiingie, haijalishi kalipia. Buti na helmeti unapewa, ila barakoa nzuri nenda nayo mwenyewe. Tafuta mwongoza watalii aliyewahi kuchimba, na muulize kabisa mnaingia mgodi gani na hela inayoenda kwa wachimbaji ni kiasi gani, akianza kuzungukazunguka achana nae.

Njiani mtasimama soko la wachimbaji kununua zawadi za kuwapa wachimbaji, hapo wanauza majani ya koka (ya kutafuna, ndo hayohayo yanayotengenezewa kokeini), sigara, pombe kali na hadi baruti. Mi nashauri majani na soda, baruti ya kulipua ili tu upige picha haina maana yoyote, mlima wenyewe umeshatobolewa mpaka kilele kinatitia na UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2014. Ukikuta sanamu ya El Tío, roho wa mgodini mwenye pembe, ambaye wachimbaji wanampa koka na sigara, usicheke wala kumshikashika, hao hao juu wanasali kanisani lakini kule chini yeye ndo mwenye mlima. Picha ya mtu omba kwanza. Jumapili wengi hawapo kazini, so kama hutaki kuwasumbua siku hiyo inafaa.

Ukiamua kutoingia mgodini hujapoteza kitu, Casa de la Moneda, kiwanda cha zamani cha sarafu, pekee inatosha nusu siku, jengo lilimalizika 1773 na mashine za mbao zilizozungushwa na nyumbu bado zipo, Waafrika waliotumikishwa utumwani nao walifanya kazi humo. Beba boliviano taslimu.

Na koka ikibaki mfukoni iache hukohuko. Bolivia ni halali, ila ukitua nayo kwingine ni kesi, na hata kuitafuna tu kunaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo, kwahiyo kama kazini kwenu wanapima fikiria mara mbili.