Somo: Meseji, simu na baruapepe za kitapeli (soma kabla hujanitumia picha)

Naandika mara moja tu, maana kila siku naletewa picha ya meseji ileile na swali lilelile: "Hii ni ya kweli?"

1. Usijibu papo hapo. Akaunti inafungwa, mzigo umekwama, mtoto yuko polisi: lengo ni usipate muda wa kufikiri.

2. PIN, neno la siri na OTP (namba ya kuthibitisha inayotumika mara moja) hatajiwi mtu. Hakuna "isipokuwa".

3. Kata simu, kisha piga wewe, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki. Si ile waliyokutumia.

4. Kagua linki. Hapa wanadondoka hata wajanja. Watu husoma mwanzo wa anwani, wakiona jina la benki wanatulia. Ruka https://, nenda mpaka mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, halafu rudi nyuma: maneno mawili ya mwisho, yanayotenganishwa na nukta, ndiyo mwenye nyumba. Kwa hiyo benkiyako.com.hakiki-akaunti.net/ingia ni ya aliyesajili hakiki-akaunti.net, hayo ya mbele kajiandikia mwenyewe. Kufuli linaloonekana kando ya anwani nalo lisikudanganye. Linasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, halisemi unawasiliana na nani. Na jina la mtumaji wa SMS hughushiwa, meseji ya uongo ikajipanga chini ya zile halali za benki yako.

Maswali

*Mkuu, cheki hii namba, ni tapeli?*
Hatua ya 3. Namba nazo hughushiwa.

*Ila inaonyesha jina la benki kabisa.*
Hatua ya 4, sentensi ya mwisho. Nimeandika ili isomwe.

*Nimebofya ila sijajaza kitu. Nimekwisha?*
Kwa kawaida hapana. Funga ukurasa, usipakue chochote, sasisha simu. Ungekuwa umejaza neno la siri, ungelibadilisha sasa hivi, kila mahali unapolitumia.

*Na anwani za .co.uk? Kwa kanuni yako mwenye nyumba ni co.uk.*
Umesoma kweli, asante. Hapo hesabu matatu. Ukichoka kuhesabu, tumia programu ya kutunza maneno ya siri: yenyewe hulinganisha anwani, haidanganywi na sura ya ukurasa. Ikigoma kujaza, simama kwanza.

*Kuna jamaa anasema atanirudishia pesa niliyotapeliwa, anataka ada kidogo tu.*
Tapeli wa pili huyo. Usilipe. Wapigie benki leo, wape kumbukumbu ya muamala, kisha ripoti polisi.

*Mimi nilipigiwa, sauti ni ya kaka yangu kabisa, anaomba pesa.*
Siku hizi kompyuta huiga sauti kutokana na kipande kifupi tu cha rekodi. Kata, mpigie kwa namba yake unayoijua. Mnaweza pia kukubaliana neno lenu la siri kwenye familia.

*Sisi huwa tunaulizana jina la paka wetu.*
Picha zake mmeziweka mtandaoni?

*Ngoja nirudi.*