SOMO: Kupokea hela hakuhitaji linki (kwa tunaouza mtandaoni)

Mwaka 2023 niliweka tangazo la kabati la vyombo, laki nne na nusu, kwenye mtandao mmoja wa kuuza na kununua. Saa moja haijaisha, mteja akanifuata WhatsApp. Hakuomba nipunguze hata mia. Akasema yuko Dodoma, ameshalipia kupitia kampuni ya usafirishaji, nibonyeze linki nipokee hela yangu, gari litakuja kuchukua mzigo. Linki ikafunguka: picha ya kabati langu, bei yangu, na kitufe cha kijani, "Pokea malipo". Nikajaza namba ya kadi ya benki, tarehe ya kuisha na zile namba tatu za nyuma. Ukurasa ukaniuliza hata salio lililomo. Nikaandika. Ikaingia SMS ya benki yenye tarakimu sita, nikazijaza haraka haraka. Akaunti ikakombwa.

Usiku, nilipoirudia ile SMS, ndipo nikaona ilivyoandikwa: namba ya kuidhinisha malipo, kiasi, na jina la duka la nje nisilolijua. Onyo lilikuwa mkononi mwangu. Nilisoma tarakimu, maneno nikayaruka.

Utapeli huu una jina, unaitwa Classiscam. Ulianza Urusi mwaka 2019, na kampuni ya usalama wa mitandao ya Group-IB iliripoti mwaka 2023 kwamba umeshaonekana katika nchi 79. Anayechati na wewe wala si lazima awe mtaalamu wa kompyuta. Anabandika tangazo lako kwenye boti (programu inayojiendesha yenyewe) ya Telegram, boti inamtengenezea ukurasa wenye picha na bei yako. Ndiyo maana unaonekana wa kweli: picha umepiga mwenyewe! Na salio wanaliuliza ili wajue wakate kiasi gani.

Hatua ya 1. Shika kanuni hii kabla ya zote. Ili ulipwe, unatoa namba ya simu, lipa namba au namba ya akaunti. Basi. Namba ya siri, namba tatu za nyuma ya kadi na tarakimu zinazoingia kwa SMS ni za kutolea hela. Anayekuomba hivyo ili "akulipe" anataka kukutolea hela zako, hata kama anaongea kwa upole namna gani.

Hatua ya 2. Msome mteja. Wapo wanaoshauri usihamie WhatsApp kabisa. Sikubaliani nao, wateja wetu wengi wa kweli wako huko. Angalia mambo yakija pamoja: haulizi hali ya bidhaa, hapunguzi bei, hawezi kupiga simu, na malipo yana njia ambayo hujawahi kuisikia. Mnunuzi wa kabati la mtumba lazima aulize kama bawaba ni nzima.

Hatua ya 3. Soma anwani ya linki kuanzia kulia. Tuseme soko lako ni sokolangu-mfano.co.tz. Tapeli atakuletea hii:

sokolangu-mfano.co.tz.pokea-hela.xyz/mteja

Tafuta mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https:// kama ipo, kisha rudi kushoto. Kinachoushikilia ni pokea-hela.xyz, na huyo ndiye mwenye nyumba. Yaliyotangulia ni mapambo, mtu yeyote anaweza kuyaandika. Kufuli kando ya anwani nako kusikutulize: kunaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, hakusemi aliyeko upande wa pili ni nani. Ukiwa na shaka, iache linki, fungua programu ya soko lenyewe uone kama kuna oda.

Hatua ya 4. Soma maneno ya SMS kabla ya tarakimu. Yanasema "lipa", "idhinisha" au "ingia"? Kama hukuanzisha jambo hilo wewe, tarakimu hizo haziendi kwa mtu.

Hatua ya 5. Hela ni ile iliyo kwenye salio. SMS ya muamala inaweza kughushiwa, hata jina la mtumaji. Piga menyu ya mtandao wako mwenyewe, angalia salio, ndipo mzigo utoke.

Hatua ya 6. Funga milango. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako. Barua pepe iwe na nywila ambayo hujaitumia pengine popote, kwa sababu akiingia humo ataomba kubadilisha nywila za akaunti zako nyingine zote.

Hatua ya 7. Ukishajaza, usisubiri asubuhi. Piga benki wazuie kadi, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, si ile uliyotumiwa. Kisha badilisha nywila, hifadhi skrinshoti za mazungumzo, nenda polisi na namba ya muamala. Kwa Tanzania, namba za matapeli hutumwa 15040.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (muuza simu, Mwanza): Mkuu, shukrani kwa somo. Mteja katuma skrinshoti ya muamala, bodaboda wake yuko mlangoni, anasema mtandao unasumbua. Nifanye nini?

Jibu: Bodaboda asubiri, ndugu yangu. Mwambie kwa heshima kwamba mzigo unatoka salio likisoma. Bodaboda mwenyewe mara nyingi hajui lolote, katumwa tu, usimgombeze.

Swali (dada wa vitenge, Zanzibar): Nimeletewa ujumbe kuwa ukurasa wangu wa Instagram utafutwa ndani ya saa 24 kwa kukiuka hakimiliki, nijaze fomu. Nina wafuasi niliowakusanya miaka minne, naogopa.

Jibu: Pole dada, hofu hiyo ndiyo wanayoitafuta. Usijaze. Fungua Instagram yenyewe, ingia kwenye mipangilio: ipo sehemu inayoonyesha barua pepe walizokutumia wao hivi karibuni. Kama huo ujumbe haumo, ufute. Wao hawakutishi kwa inboksi kupitia akaunti ya mtu.

Swali (muuza viatu, Gikomba): Huku Kenya kuna anayelipa, halafu anapiga simu akilia kwamba ametuma zaidi kimakosa, nimrudishie kwa namba nyingine.

Jibu: Kwanza salio. Mara nyingi hakuna kilichoingia, ni SMS ya kughushi. Hata kama hela ipo, usirudishe kwa mkono wako, tena kwa namba tofauti. Mwambie atume ule ujumbe wa M-PESA kwa 456, Safaricom washughulikie kuirudisha. SMS za kitapeli wewe zipeleke 333.

Swali (mama wa keki, Morogoro): Nilijaza kadi lakini nikashtuka kabla ya kuweka tarakimu za SMS. Niko salama?

Jibu: Bado, mama. Yapo maduka ya nje yanayokata kadi bila kuomba tarakimu hizo. Zuia kadi sasa hivi, uombe nyingine. Ukishamaliza na benki niandikie hapa, tuangalie pamoja na barua pepe yako.