Krete: chagua ufukwe kwa upepo, picha baadaye

Krete, kisiwa cha Ugiriki, ina urefu wa kilomita 260 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, na milima imesimama katikati yake. Anayetaka kuoga kwenye fukwe za Balos, Elafonissi, Preveli na Vai katika wiki moja atakachokiona zaidi ni barabara. Vai, wenye msitu wa mitende ya asili, uko ncha ya mashariki. Balos uko ncha ya magharibi, na kati yake ni zaidi ya saa tano za kuendesha gari. Amua kwanza mahali pa kulala. Kwa wiki moja chagua mji wa Chania na fukwe za magharibi, au mji wa Heraklion na za katikati. Mashariki kunahitaji safari yake.

Baada ya hapo, kila asubuhi swali ni moja: upepo unatoka wapi?

Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo wa kaskazini. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki miezi hiyo tuna kusi, kwa hiyo hesabu inageuka: pwani ya kaskazini ndiyo inayopigwa. Meltemi huamka taratibu, hushika nguvu kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, hufikia kilele alasiri, kisha mara nyingi hulegea usiku. Jioni kabla ya safari fungua utabiri wa upepo kwenye simu, utazame mambo mawili: unakotoka, na nguvu yake kwa kipimo cha Beaufort, yaani namba zinazopanda kadiri upepo unavyozidi.

Ikiwa ni 3 au chini, nenda popote. Hiyo ndiyo siku ya kwenda Balos au Falassarna, usiipoteze kwenye ufukwe wa hoteli. Ikifika 4, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, fukwe ndefu za kaskazini zinaanza kuwa na mawimbi, na wenye watoto watafute ghuba zilizokingwa: Marathi na Stavros kwenye rasi ya Akrotiri, au Agia Pelagia karibu na Heraklion. Ikifika 5 na kuendelea, vuka milima uende kusini.

Lakini kusini nako kuna mtego. Upepo wa kaskazini hupanda milima, kisha huporomoka kupitia makorongo na kuingia baharini kwa mapigo ya ghafla. Plakias inajulikana kwa hilo: maji yametulia, lakini mchanga unakuchapa miguuni kiasi cha kushindwa kulala chini. Wasomaji wa Matendo ya Mitume 27 wanakijua kisa hiki. Merikebu ya Paulo iliondoka Bandari Nzuri, kwenye pwani hiyohiyo ya kusini, kwa upepo mwanana wa kusi, na muda si mrefu ikakamatwa na tufani iliyoshuka kutoka kisiwani. Hatari ya leo ni magodoro na maboya ya kujaza hewa. Bahari ikionekana shwari huku upepo ukikupiga mgongoni, boya litakwenda haraka kuliko unavyoweza kuogelea, na mbele ni kisiwa cha Gavdos, kisha Libya. Siku kama hizo acha boya garini.

Ukitaka mahali pamoja panapokuokoa karibu kila siku, ni Paleochora, saa moja na nusu hivi kutoka Chania. Mji umekaa juu ya rasi nyembamba. Magharibi yake kuna Pachia Ammos, wa mchanga. Mashariki kuna Chalikia, wa kokoto. Upande mmoja ukichafuka unatembea dakika chache hadi wa pili.

Mei na Oktoba mambo yanaweza kugeuka: upepo wa kusini huja na vumbi la Afrika, na hapo pwani ya kaskazini ndiyo inayotulia.

Kupwa na kujaa usikuhangaishe. Tofauti haifiki hata nusu mita, hivyo hakuna bamvua la kusubiri. Baridi ndiyo itakayokushtua: Mei maji huwa nyuzi 19 au 20, Agosti 25 au 26. Oktoba bado ni mazuri kuliko Juni mwanzoni, kwa sababu bahari huchelewa kupoa.

Tazama pia chini. Elafonissi ni mchanga, na maji kati ya ufukwe na kisiwa kidogo mara nyingi hayapiti kiuno, ndiyo maana unafaa watoto. Rangi ya waridi inatokana na maganda yaliyosagika na huonekana kwa mistari karibu na maji. Usitarajie ufukwe mzima uwe hivyo, na kuchukua mchanga ni marufuku. Sougia ni kokoto na kina huja haraka: kwa mwogeleaji ni raha, kwa mtoto sivyo. Vaa viatu vya mpira vya majini, kwa sababu kokoto za Agosti huunguza na miambani kuna wanyama wenye miiba.

Balos unafikiwa kwa njia mbili. Boti kutoka Kissamos huwafikisha watu karibu na adhuhuri, wakati wa msongamano, na upepo ukizidi safari hufutwa. Barabara ya vumbi kutoka Kaliviani ni kilomita 8 hivi, kisha unashuka kwa miguu. Soma mkataba wa gari la kukodi kwanza: bima nyingi hazilipi uharibifu wa barabara ya vumbi, wala wa matairi na chini ya gari. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, ubebe maji na mwavuli, maana kivuli hakuna, na njia ya kurudi ni ya kupanda.

Vitanda vya kulipia si lazima. Fukwe za Ugiriki ni za umma, na sheria ya 2024 inataka mita 4 kutoka kwenye maji ziachwe wazi. Tandika taulo lako. Rethymno ukiona vizimba vidogo mchangani, ni viota vya kasa: usichomeke mwavuli karibu, na usiku usiwashe taa ufukweni. Bendera nyekundu ikipanda usiingie majini. Dharura piga 112, au 108 ya walinzi wa pwani.