Namna ya Kuandaa Kongamano la Wanafunzi Kuhusu Ujumi Mjini Iringa

Kongamano la wanafunzi kuhusu ujumi, yaani tawi la falsafa linalochunguza uzuri, sanaa na hukumu zetu juu yake, huharibika mapema kuliko waandaaji wengi wanavyodhani: siku ile kamati inapoandika kaulimbiu pana kama "Sanaa na Jamii". Kaulimbiu ya namna hiyo humruhusu kila mwasilishaji kuja na lake, na hatimaye hakuna anayemjibu mwenzake. Anzeni na swali moja ambalo watu wawili makini wanaweza kulijibu kinyume.

Anayeandaa Iringa ana swali la aina hiyo karibu na mlango wake. Kilomita 20 hivi kutoka mjini, kwenye barabara iendayo Mbeya, kuna Isimila, ambako zimepatikana zana nyingi za Enzi ya Mawe. Baadhi ya mashoka ya mkono ya aina hiyo yamechongwa kwa ulinganifu unaoelekea kuzidi mahitaji ya kukata nyama au kuchimba mizizi. Je, mchongaji alitafuta uzuri, au ulinganifu ni matokeo ya kazi iliyozoeleka tu? Swali hili litawalazimisha wanafunzi kumsoma mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant kwa dhati, kwa kuwa katika kitabu chake cha mwaka 1790 alitenganisha uzuri ulio huru na uzuri unaotegemea wazo la jinsi kitu kinavyopaswa kuwa, na shoka ni kitu chenye kazi yake.

Kabla ya kutangaza mwito wa ikisiri, yaani muhtasari wa makala ambayo mtu anataka kuwasilisha, kubalianeni juu ya istilahi, na hapa ninawasihi msifanye haraka. Neno "zuri" katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa: twasema sura nzuri, chakula kizuri, tabia nzuri, hata jibu zuri. Mwanafunzi anayeandika "uzuri" bila kufafanua aweza kudhani anajadili sanaa kumbe anajadili maadili, ingawa huenda mchanganyiko huo wenyewe ndio hoja bora ya siku nzima. Methali isemayo "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti" inadai kwamba sura peke yake haitoshi; je, hiyo ni hukumu ya ujumi au ni onyo la kimaadili? Andaeni ukurasa mmoja unaotofautisha uzuri, urembo, umbuji na ujumi, mkautume pamoja na mwito. Wala msione haya kuunda maneno: mwanafalsafa Mjerumani Baumgarten naye aliliunda jina la taaluma hii mwaka 1735, kutokana na neno la Kigiriki lihusulo utambuzi wa hisi.

Mwito utoke miezi minne kabla, ukiomba ikisiri ya maneno 300. Ondoeni majina, kisha kila ikisiri isomwe na watu wawili wanaojiuliza jambo moja: mwandishi anadai nini? Ikisiri inayoeleza mada bila kudai lolote irudishwe, na mwandishi aandikiwe sababu, kwani kwa wengi haya ndiyo maoni ya kwanza kuyapata kutoka kwa mtu asiye mwalimu wao.

Chagueni makala sita tu kwa siku moja. Kila moja ipewe dakika 50: 20 za kuwasilisha, 10 za mwanafunzi mwingine aliyeisoma mapema na kuandaa majibu, na 20 za mjadala. Kamati nyingi huminya mjadala ili kuongeza majina kwenye ratiba. Mimi naona afadhali makala mbili ziachwe kuliko hoja moja ikatwe katikati. Mwenyekiti wa kipindi awape nafasi wanafunzi kwanza, wahadhiri baadaye.

Mwalikeni pia msusi wa vikapu vya milulu, ufundi ambao Iringa inajulikana nao, naye alipwe posho sawa na mgeni rasmi. Asiletwe kupamba ukumbi. Mwanafalsafa Mskoti David Hume aliandika mwaka 1757 kwamba kipimo cha ladha, yaani uwezo wa kutambua uzuri, hupatikana katika hukumu za watu wenye mazoezi, waliolinganisha vitu vingi na kujivua upendeleo. Basi awekewe mezani vikapu vitano, avipange kwa ubora na kueleza sababu zake, kisha wanafunzi wamhoji, na wasitosheke na jibu la "hiki kinapendeza".

Kuhusu tarehe, epukeni miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, maana korongo la Isimila huteleza. Juni inafaa, ila wageni waambiwe waje na makoti. Ziara ifanyike asubuhi kabla ya makala ya kwanza, na kila mshiriki aandike sentensi tatu juu ya zana moja aliyoitazama kwa makini. Sentensi hizo zibandikwe ukutani ukumbini, ili mtu anapomnukuu Kant saa nane mchana, mwenzake aweze kusimama na kuuliza iwapo nukuu hiyo inalihusu jiwe waliloliona.