Shata ya kamera ya filamu imeganda? Anza na kusafisha mafuta
Kamera ikikaa miaka kabatini mafuta ya ndani yanatambaa mpaka kwenye vile vibati vyembamba vya shata ya lenzi (vinavyofunguka na kujifunga kupitisha mwanga), vinashikana, ukibonyeza unasikia tik ila havifunguki. Usikimbilie kuifumua yote jamani. Toa filamu, fungua kioo cha mbele cha lenzi taratibu, chovya pamba ya masikio kwenye mafuta ya laita (yale ya maji sio gesi, na ukae mbali na moto), gusa vibati kidogo tu alafu koki (yaani itege shata tayari kupiga), bonyeza, koki tena, hata mara 30. Utaona utando mweusi unatoka, futa, rudia mpaka vikikauka vibaki visafi kabisa. Kidole usiguse, vinapinda. Na oili usiweke, vitaganda tena.